Manjano ya Julai

Mvua za masika huishia Mei. Ikifika Julai, kilima chetu cha Bujora kinakuwa kimekauka hadi chini ya mawe, upepo unapeperusha vumbi la njia inayopanda kutoka Kisesa na kulilaza juu ya kila jani, na usiku kibaridi kinaingia, cha kutosha kumfanya mtu atafute shuka la pili. Huo ndio msimu wa watu kuja kwangu na vyungu vyao. "Mwangaluka, mayu," anaanza mgeni, na kabla sijamaliza kuitikia ameshatua chungu kibarazani. "Ua langu hili linakufa. Nalimwagilia kila siku, lakini linazidi kuwa njano."

Ua lenyewe karibu kila mara ni waridi la jangwani. Siku hizi limeenea Mwanza nzima. Utaliona mbele ya saluni, kwenye ngazi za nyumba za wageni, pembeni mwa mlango wa kanisa, na kwenye vitalu vya miche kando ya barabara, likiwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki na maua mekundu matatu au manne juu ya shina lililovimba. Watu wanalipenda kwa sababu ya tumbo lake hilo. Kila mmea una umbo lake, na mwenye nao huuzungumzia kama anavyozungumzia mtoto: huyu amekaa, huyu ameinama, huyu ana miguu miwili.

Wengi hudhani limetoka ng'ambo, na kweli mengi yanayouzwa mjini yenye petali za tabaka mbili au tatu yametokana na mbegu na vikonyo vya Thailand na Taiwan, ambako wakulima wamelizalisha kwa ustadi mkubwa kwa miaka mingi. Lakini asili yake ni huku kwetu. Linaota lenyewe kuanzia Senegali, likapita ukanda wote wa Saheli hadi Ethiopia na Somalia, likashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari likaenea Yemen na Oman. Mzungu wa kwanza kuliandika kitaalamu alikuwa Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyefika Yemen na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Malaria ilimuua huko mwaka 1763, naye akiwa kijana wa miaka thelathini na kidogo. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1775 na mwenzake aliyerudi hai. Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi katika zahanati za kando ya ziwa siwezi kulitazama ua hili bila kumkumbuka kijana huyo na homa yake.

Na sisi tulilijua kabla yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kusini mashariki ya hapa, huchemsha utomvu wake mpaka uwe mzito na mweusi, kisha huupaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Ndani ya utomvu huo mna sumu ya moyo, ya jamii moja na digoksini, kidonge nilichokuwa nikiwagawia wagonjwa wa moyo kwa tahadhari kubwa. Kwa hiyo yeyote anayekata tawi la mmea huu avae glavu au hata mfuko wa plastiki mkononi, asijifute macho, na asiuweke mahali ambapo mbuzi au mtoto anayetambaa ataufikia. Nalisema hili kwa kila anayekuja, hata kama hakuuliza.

Sasa turudi kwenye manjano.

Zahanati hunifundisha hadi leo, ingawa nimestaafu. Mtoto anapoletwa na macho ya njano, mama anataka dawa ya macho. Lakini macho hayaumwi. Manjano ile inaweza kuwa malaria kali inayovunja chembe za damu. Inaweza kuwa ini. Inaweza kuwa mrija wa nyongo umeziba. Kwa mtoto aliyezaliwa juzi inaweza kuwa hali ya kawaida inayopita yenyewe. Na kwa huku Kanda ya Ziwa, ambako ugonjwa wa selimundu ni mwingi kuliko sehemu nyingi za nchi, inaweza kuwa hiyo, na mama akawa hajawahi kuambiwa. Rangi ni ile ile. Ukimpa kila mmoja wao kidonge kile kile, utamponya mmoja kwa bahati na kumchelewesha mwingine mpaka kaburini. Tulizoea kuuliza: imeanza lini, ana homa, mkojo una rangi gani, nyumbani kuna mwingine kama yeye? Maswali hayo yalikuwa nusu ya tiba.

Basi chungu kikiletwa, nauliza vile vile. Ni majani yapi yaliyoanza? Kama ni ya chini, moja moja, na ya juu yako sawa, mmea unaacha majani ya zamani na hakuna ugonjwa hapo. Kama ni yote, na ni Juni au Julai, na shina ni gumu, basi mmea umeingia kupumzika. Porini hivyo ndivyo unavyoishi: kiangazi kikianza huangusha majani ili usipoteze maji, ukabaki uchi, na mara nyingi huchanua ukiwa hauna hata jani moja. Mtu asiyeujua anaona mti uliokufa wenye maua. Huo ni mwili unaojua msimu wake. Anayeumwagilia wakati huo kila asubuhi anauamsha kwa nguvu, na maji yasiyo na jani la kuyanywa hubaki chunguni yakiozesha mizizi.

Hapo ndipo penye shida yetu kubwa, sisi watu wa ziwani. Tumezaliwa tukiyaona maji. Ziwa Victoria liko pale chini, na ukisimama juu ya mawe ya Bujora siku isiyo na ukungu unaliona liking'aa. Kwetu maji ni huruma. Mgeni akifika anapewa maji, mgonjwa anapewa maji, mche unaonyong'onyea unapewa maji. Ni tabia njema, na sitaki mtu yeyote aiache. Lakini waridi la jangwani likipewa huruma hiyo kila siku hufa kwa kuzama, tena polepole, na mwenye kulimwagilia haelewi, kwa sababu dalili ya kuzama ni manjano na kunyong'onyea, sawasawa na dalili ya kiu. Analiona limenyong'onyea, anaongeza maji. Kesho limenyong'onyea zaidi, anaongeza tena.

Kuna njia moja ya kujua, nayo haihitaji kifaa. Bonyeza shina kwa kidole gumba, pande zote, hasa pale linapokutana na udongo. Shina lenye kiu hulegea lote kwa usawa, ngozi yake inajikunja, na ukiachia kidole linarudi. Shina linalooza hulegea mahali pamoja, kidole kinazama na hakirudishwi, ngozi imebadilika rangi kuwa kahawia au nyeusi, na ukinusa kuna harufu ya kitu kilichochacha. Mwenye kiu mpe maji ya kutosha mara moja, yatoke chini ya chungu, kisha umwache. Anayeoza usimpe hata tone.

Mwezi uliopita jirani yangu alileta mmoja wa aina hiyo. Tuliutoa chunguni pamoja. Udongo ulikuwa mweusi, umeshikana, na uling'ang'ania mizizi hata tulipougonga. Nikamuuliza ameutoa wapi. Akasema, bondeni, kule wanakolima mpunga, kwa kuwa ule ndio udongo wenye rutuba. Tuliosha mizizi kwenye beseni. Nusu yake ilikuwa kahawia na ikatoka mkononi kama uzi uliooza. Nikapitisha kisu kwenye spiriti, nikaanza kukata kutoka chini. Kipande cha kwanza kilikuwa kahawia katikati. Cha pili kilikuwa na doa. Cha tatu kilikuwa na alama ndogo ya njano pembeni, na jirani akasema, "Hapo inatosha, mayu, utaumaliza." Nikakata tena, kwa sababu doa dogo likiachwa ndani hurudi na kula shina zima. Kipande cha nne kilikuwa cheupe kabisa, kikatoa utomvu. Tukapaka majivu ya kuni, tukauweka kivulini juu ya gazeti, bila udongo wala maji, kwa zaidi ya wiki, mpaka kidonda kikafanya ngozi kavu. Jirani alikuja kila jioni kuuangalia. Ilimuuma kuuona mmea umelala juu ya gazeti bila kupewa kitu, na nilimwelewa.

Udongo wa bondeni haukuwa na kosa. Kilima cha Usukuma kina udongo wa kila aina, umepangwa kutoka juu hadi chini. Juu ni mawe na changarawe, chini yake luseni, mchanga mnene unaopitisha maji haraka, kisha itogolo, unaokauka ukawa mgumu, na bondeni kabisa mbuga, ule mweusi unaokunywa maji mpaka ukawa uji na kiangazi ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Wakulima wa hapa walikuwa na majina hayo na walijua kipi kipandwe wapi, karanga na viazi luseni, mpunga kwenye udongo unaoshika maji, kabla Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, hajauita mpangilio wa namna hiyo katena katika miaka ya 1930, jina linalotumika vyuoni duniani kote hadi leo. Mbuga ni udongo bora kwa mpunga. Kwa mmea uliozoea kuota katikati ya miamba ni kaburi.

Mchanganyiko ninaoutumia mimi ni wa vitu vya hapa hapa. Mchanga mkubwa wa luseni uliochekechwa vumbi likatoka, ndio sehemu kubwa. Vipande vya mkaa. Kokoto ndogo. Pumba za mpunga zilizochomwa, ambazo mashine za kukoboa hutupa malundo kwa malundo. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, kidogo tu. Ya kuku mbichi inaunguza mizizi na kuleta manjano nyingine, ya kingo za majani kukauka. Chungu kiwe na tundu, na kisikae juu ya sahani iliyojaa maji. Jua lifike walau saa sita kwa siku. Mtu akiliweka sebuleni karibu na televisheni, majani yatapauka na matawi yatarefuka yakitafuta dirisha, hata akilipa mbolea ya bei gani.

Mengine nitayapitia haraka. Jani lenye vidoadoa vingi vilivyopauka juu, na chini yake utando mwembamba, lina utitiri. Vumbi la kiangazi ndilo neema yao. Osha chini ya majani kwa maji na sabuni kidogo, rudia baada ya siku chache. Unga mweupe kwenye makwapa ya matawi ni vidung'ata, wafute kwa pamba yenye spiriti. Majani ya zamani yakipauka yote kwa pamoja mmea una njaa ya naitrojeni. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, ni upungufu wa chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila maji yenye chumvi na chokaa yanauzuia mmea usikichukue. Na mmea ukihamishwa kutoka kitaluni kuletwa nyumbani unaweza kuangusha majani kwa sababu ya safari tu. Uache upazoee.

Kwa nini nang'ang'ania mambo haya ya ua? Kwa sababu naona tunavyofanyiana sisi kwa sisi.

Katika ukoo wetu walikuwapo watu wawili walionyamaza katika mwaka ule ule. Wa kwanza ni baba mdogo, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Alirudi kwenye mji wake, akawa anakaa chini ya mwembe na redio yake tangu asubuhi, hazungumzi sana, haendi vikaoni. Wa pili ni mpwa wangu, binti aliyekuwa na kibanda cha nguo mjini, ambaye alirudi kwa mama yake ghafla, akawa analala mchana na kutoa majibu ya neno moja. Ukimya ule ule. Nasi tukawapa wote wawili dawa ile ile. Tuliwatembelea kwa makundi, tukawaombea kwa sauti, tukawapikia, tukawasihi wachangamke. Kuhusu baba mdogo tuliletewa ushauri kuwa apelekwe mjini akae na wanawe asiwe mpweke. Binti tulimwambia atafute mchumba.

Baba mdogo alituvumilia, kisha siku moja akazima redio akasema, kwa upole aliokuwa nao darasani, "Wanangu, nimesimama mbele ya watu tangu nikiwa kijana. Sasa nataka kukaa." Basi. Alikuwa anakula vizuri, analala vizuri, shina lake lilikuwa gumu. Kilichokuwa kikimchosha ni sisi. Tulipopunguza ziara zetu akaanza mwenyewe, baada ya miezi kadhaa, kuwafundisha hesabu wajukuu jioni.

Binti alikuwa jambo jingine. Bibi yake ndiye aliyegundua, kwa sababu yeye hakumshauri kitu. Alikaa naye jikoni wakichambua dagaa, akaona kila simu inapoita binti anashtuka na kuifunika kwa kanga. Akamuuliza swali moja: "Nani anakudai?" Ilikuwa mikopo ya kausha damu. Alikopa kwa mmoja kuongeza mtaji, akakopa kwa wa pili kulipa marejesho ya wa kwanza, na wa tatu kulipa ya wa pili, na kila siku riba inaongezeka, na meseji za vitisho zinaingia usiku. Yale maombi, vyakula na habari za mchumba vilikuwa vikimwagwa juu ya mzizi uliokuwa unaoza, na kila tulipomtembelea kwa wingi aliona aibu zaidi na kujificha zaidi. Kilichomfaa kilikuwa kikao cha watu wachache, karatasi, kalamu, kuandika kila deni na kila jina, kuuza ng'ombe mmoja, na mjomba mwenye sauti kwenda naye kuonana na wale watu mmoja mmoja mpaka deni likaandikwa limekwisha. Kulikata kulimuuma. Kibanda kilikwenda, na bidhaa zote zikauzwa kwa hasara. Kipande kidogo cha deni kingeachwa kwa aibu ya kukitaja, naamini kingerudi kula vyote.

Tungewafanyia wote wawili kama tulivyomfanyia binti, baba mdogo tungemsumbua hadi augue kweli. Tungewaacha wote wawili kama alivyotaka baba mdogo, sijui leo binti angekuwa wapi. Nalifikiria hili mara nyingi. Huruma tulikuwa nayo tele, hakuna aliyepungukiwa. Tulichokosa ni yule mtu mmoja wa kukaa karibu na kubonyeza kwa kidole.

Katika Makumbusho ya Wasukuma hapa Bujora, yaliyotokana na kazi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika hapa miaka ya 1950, mna nyumba ya mganga wa jadi. Mimi ni Mkatoliki na muuguzi, na imani za wafumu, yaani waganga hao, si imani zangu. Lakini kila ninapopeleka wageni pale nawaeleza mpangilio wa kazi yao, kwa sababu nauheshimu. Kwanza anakuja mfumu, anayetazama. Anampasua kuku, anasoma alama, anauliza habari za nyumbani, ugomvi, ndoto, waliofariki. Dawa inafuata baadaye sana. Mgonjwa anakuwa ameketi na kusikilizwa muda mrefu kabla hajapewa cha kunywa. Sisi wa zahanati, tukiwa na foleni ya watu mlangoni, mara nyingi tuliandika dawa mtu akiwa bado amesimama, na hiyo ni hasara kwa mgonjwa hata kidonge kikiwa sahihi.

Mmea wa jirani uliolala juu ya gazeti tumeshaupanda kwenye mchanga mkavu, na haujapewa maji bado. Ila chungu kinachonishughulisha sasa ni kingine, cha binti wa kwaya anayekaa chini kidogo, karibu na barabara. Majani yake machanga yametoka njano yenye mishipa ya kijani. Shina ni gumu, utitiri hakuna, udongo ni mzuri, niliuchanganya mimi mwenyewe. Nashuku maji ya kisima chao, maana hata sufuria zao za chai zina ukoko mweupe ndani. Nimemwambia asinunue mbolea yoyote kwanza. Amwagilie maji ya bomba anayochota kwa dada yake Kisesa, lita moja inatosha kwa wiki katika baridi hii, na vuli ikianza akinge ya mvua kwenye pipa. Yale majani yaliyokwisha kuwa njano asiyatazame tena, hayatageuka. Atazame yatakayochipua juu yake. Amekubali, ingawa ameniuliza mara mbili kama hakuna dawa ya kupuliza, na Jumapili baada ya misa nitapita kwao nione kama ameweza kujizuia.